Santuri ya Hatari! imenichanganya: mkusanyaji anayeanza achague toleo lipi la muziki wa filamu?

Mkazi wa Meru (Arusha) ameuliza:

Ndugu zangu wapenzi wa muziki wa filamu, salaam.

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukipanga vitu vya marehemu baba yangu, nilikuta chini ya kabati lake santuri ya mwaka 1962 yenye muziki wa filamu ya Hatari!, mtunzi wake Henry Mancini. Jalada limechakaa pembeni, na kuna mtu aliyewahi kuandika bei kwa kalamu ya wino kwenye kona ya juu, lakini santuri yenyewe haina mikwaruzo mingi. Kwa sisi wa Arusha filamu hiyo ni kama ya nyumbani, kwa kuwa sehemu kubwa ya matukio yake ya porini ilipigwa huku, wakati nchi ikiitwa Tanganyika, na milima inayoonekana nyuma ya magari tunaifahamu kwa majina.

Niliitafuta filamu nikaitazama usiku mmoja, kisha nikaiweka santuri, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Muziki wa tembo wadogo upo, tena unapendeza, lakini muziki wa kumkimbiza kifaru haukuwa kama nilivyotoka kuusikia kwenye filamu. Aidha, santuri imejaa vipande vya kuchezea dansi ambavyo kwenye filamu, kama nilivisikia, basi ni kwa mbali mno, mfano wa redio iliyoachwa wazi chumba cha pili. Nilidhani santuri ya filamu ni muziki ule ule uliotolewa ndani ya filamu ukawekwa pembeni. Kumbe sivyo?

Nauliza kwa sababu nimeamua kuanza kukusanya kwa mpango. Uwezo wangu ni diski nne au tano kwa mwaka, si zaidi, na kila nikitafuta filamu moja nakuta matoleo matatu: la zamani na fupi, jipya lenye diski mbili, na lingine lililoandikwa kwamba limerekodiwa upya na okestra nyingine. Ninyi mliotangulia mnachagua kwa kumfuata mtunzi, kwa kuifuata filamu, au kuna kipimo kingine? Na je, toleo refu lina thamani ya bei yake kwa mtu wa kipato cha kawaida?

Santuri Kuukuu (Dar es Salaam) amejibu:

Pole sana kwa msiba wa mzee, ndugu yangu. Alikuachia kitu cha maana, na kwa bahati nzuri alikuachia mfano ulio bora kuliko mingi wa jambo unaloliuliza.

Masikio yako hayakukudanganya. Mancini alikuwa na desturi ya kurudi studio baada ya kazi ya filamu kwisha, akarekodi upya kwa ajili ya kampuni ya santuri ya RCA Victor zile tuni alizoamini kwamba watu wangependa kuzisikiliza sebuleni au kuzichezea. Alifanya hivyo kwa Breakfast at Tiffany's ya mwaka 1961, akafanya hivyo kwa Hatari!, akaendelea hivyo hivyo kwa Charade ya mwaka 1963. Kwa hiyo santuri ya baba yako ni kazi nyingine inayojitegemea, iliyochezwa siku nyingine, na haikukatwa kutoka kwenye filamu. Ile rekodi iliyotumika katika filamu yenyewe ilikaa kabatini miongo mingi, hadi kampuni ya Marekani iitwayo Intrada, ambayo kazi yake kubwa ni kufufua muziki wa namna hiyo, ilipoitoa kwenye diski. Ukizipata zote mbili utashangaa namna mtu yule yule anavyoweza kuwa na nia mbili tofauti juu ya muziki mmoja. Katika filamu kuna ngoma na ala ambazo mwongozaji Howard Hawks alirudi nazo kutoka Afrika, zikiwemo marimba za vidole. Katika santuri utakutana pia na dansi la Hollywood lenye tarumbeta zilizonyooka, hadi kipande kimoja kikapewa jina la Big Band Bwana, jina ambalo sijui nilicheke au nilihurumie.

Ndiyo maana mimi, kabla ya kuuliza ninunue filamu gani, huuliza kwanza hii ni rekodi ipi. Inaweza kuwa ile iliyochezwa kwa ajili ya filamu, au ile ambayo mtunzi mwenyewe aliirudia kwa ajili ya albamu, au ile iliyopigwa miaka mingi baadaye na okestra nyingine chini ya kiongozi mwingine. Muziki wa Jaws, ile filamu ya papa, wa John Williams, wa mwaka 1975, ulikaa katika hali hiyo kwa muda mrefu: santuri iliyouzwa madukani ilikuwa imerekodiwa upya na kupangwa ili isikilizike vizuri, na anayetaka kusikia kile hasa kinachotisha ndani ya maji alilazimika kurudi kwenye filamu. Mwaka 2015 Intrada ilitoa diski mbili katika kasha moja, ya kwanza ikiwa na rekodi ya filamu na ya pili ikiwa na ile ya albamu. Kwa mkusanyaji, kasha la namna hiyo linamaliza ubishi.

Utauliza kwa nini hawakutoa kila kitu tangu mwanzo. Sababu kubwa ilikuwa fedha. Chini ya mikataba ya chama cha wanamuziki wa Marekani, wapigaji waliolipwa kwa kazi ya filamu walipaswa kulipwa tena pale rekodi hiyo hiyo ilipogeuzwa kuwa albamu, na ukizingatia okestra ya watu themanini au tisini utaona hesabu inavyopanda. Ndiyo maana diski nyingi za miaka ya 1980 na 1990 za muziki uliorekodiwa Los Angeles ni za dakika thelathini hivi, ilhali muziki uliorekodiwa London, ambako gharama hiyo haikuwa ikibana namna ile, mara nyingi ulitoka mrefu zaidi. Masharti yalipolegezwa kwa muziki wa zamani unaotolewa kwa nakala chache, ndipo yakaanza kumiminika haya matoleo ya nakala 1,000, 2,000 au 3,000 unayoyaona.

Kuna jambo moja zaidi ambalo limenifanya nipende rekodi kamili kwa baadhi ya filamu, ingawa si zote. Wakati mwingine filamu yenyewe imeuharibu muziki. Jerry Goldsmith alipoitungia Alien mwaka 1979, wahariri walihamisha vipande vyake, wakaingiza vingine vya filamu yake ya zamani, Freud ya mwaka 1962, na mwishoni wakaondoa kabisa muziki wake wa kufungia, wakaweka sehemu ya simfonia ya mtunzi mwingine, Howard Hanson. Unaweza kuitazama filamu hiyo mara mia na usijue Goldsmith alikusudia imalizike vipi. Intrada ilitoa diski mbili mwaka 2007, na mimi nilipousikiliza mwisho ule kwa mara ya kwanza, nikiwa na vipokea sauti na taa zimezimwa kwa sababu ya mgao wa umeme, niliona kama nimeonyeshwa chumba kilichokuwa kimefungwa katika nyumba niliyoizoea.

Onyo langu la mwisho ni juu ya nyuma ya kasha. Soma maandishi yale madogo kabla ya kutoa fedha. Niliwahi kununua katika duka moja, ambalo sitalitaja, diski yenye picha kubwa ya filamu maarufu juu ya jalada. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba ndani hakuna okestra yoyote bali mtu mmoja na kinanda chake cha umeme akijitahidi kuiga ala zote. Jina la mtunzi lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, nalo halikuwa uongo kwa kuwa kweli ndiye aliyetunga. Jina la mpigaji ndilo lililofichwa chini ya msimbo wa bei.

Bint Mvita (Mombasa) amejibu:

Shikamoo, Santuri Kuukuu. Nimesoma maelezo yako yote kwa faida, lakini naomba nikupinge kwa adabu katika jambo moja. Ukimfundisha mgeni kuanza na tofauti za rekodi, utamfanya awe mtunza nyaraka kabla hajawa msikilizaji. Nawafahamu watu wenye rafu nzima za diski mbilimbili ambazo diski ya pili haijawahi kutoka kwenye kasha lake.

Kipimo changu ni chepesi. Nausikiliza muziki mtandaoni jioni tatu bila kuitazama filamu, nikiwa nafanya kazi zangu za jikoni, na ikifika jioni ya nne mkono wangu ukaenda wenyewe kuutafuta, basi ninaununua. Kwa kipimo hicho filamu nyingi ninazozipenda zimeanguka, maana muziki wake ni mzuri pale tu unapokuwa chini ya picha, na nyingine ambazo sizijali kama filamu zimeingia kwenye rafu yangu.

Nikupe mfano wa huku kwetu. Out of Africa ya mwaka 1985 ilipigwa Kenya, na muziki wa John Barry ulipata tuzo ya Oscar. Kuna mengi ya kulaumiwa katika filamu ile kwa namna inavyotuona sisi wenyeji, wala siyafumbii macho. Lakini pale ndege ndogo inaporuka juu ya nchi, maneno yanaisha kabisa, na nyuzi za okestra zinakwenda polepole mno kuliko ndege yenyewe, kana kwamba anayetazama hana haraka ya kufika popote. Albamu ya wakati ule ni fupi, na ndani yake kuna kipande cha Mozart cha klarineti na wimbo wa kuimbwa ambao mimi huuruka, lakini sijawahi kutamani iwe ndefu. Barry hakuweka muziki mwingi katika filamu hiyo, na tuni yake kuu haihitaji kurudiwa mara kumi na tano ili niielewe. Mtu akiniuzia saa moja na nusu ya muziki huo nitamwambia ahsante, nimeshiba.

Halafu kuna jambo ambalo halijatajwa hapa, nalo ni filamu za Kihindi, ambazo kwetu pwani ndizo zilizotufundisha kuupenda muziki wa filamu kabla hatujamjua Mancini wala Williams. Santuri zilizokuwa zikipigwa majumbani zilikuwa za nyimbo, na nyimbo hizo zilizama katika taarab yetu kiasi kwamba mwimbaji Juma Bhalo alijulikana hasa kwa mashairi ya Kiswahili juu ya mahadhi ya Kihindi. Lakini ule muziki wa chini, unaopita nyuma ya mazungumzo na mapigano, haukuwa ukitolewa ila mara chache. Mfano unaonifurahisha ni Sholay ya mwaka 1975: nyimbo za R. D. Burman zilitoka kwenye santuri kama kawaida, kisha kampuni ya santuri ya Polydor ikatoa santuri ya mazungumzo ya filamu, na watu wakainunua kwa wingi, wakawa wanayajua kwa moyo maneno ya Gabbar Singh, yule jambazi wa filamu hiyo. Sasa mkusanyaji wa namna ya Santuri Kuukuu atasema hiyo si santuri ya muziki. Mimi nasema ndiyo inayonionyesha kwamba watu hununua kile wanachotaka kukirudia nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu wa Meru, usimfuate mtunzi na usiifuate filamu. Fuata kile ambacho umeshajikuta ukikiimba kwa mdomo uliofungwa.

Mwalimu wa Noti (Moshi) amejibu:

Nakubaliana na Bint Mvita kuhusu Out of Africa, ila sikubaliani naye kwamba ufupi ni fadhila kwa kila muziki. Mimi nafundisha kwaya, na mtu anayefundisha hutaka kuona tuni inavyozaliwa, inavyofichwa, na inavyorudi imebadilika sura. Katika albamu fupi mara nyingi unapewa tuni ikiwa imekwisha kukomaa, bila safari yake. Howard Shore alipotunga muziki wa The Lord of the Rings, albamu ya filamu ya kwanza, ya mwaka 2001, ilikuwa diski moja. Mwaka 2005 ikatoka rekodi kamili yenye takriban saa tatu za muziki. Katika hiyo ndefu ndipo nilipomsikia anavyotoa tuni ya wale wasafiri tisa vipande vipande, sauti mbili tatu kwanza, kabla ya kuiachia yote. Sikuwahi kulitambua hilo katika albamu fupi kwa miaka minne.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni The Lion King. Albamu ya mwaka 1994 ilikuwa na vipande kumi na viwili, na kati ya hivyo muziki wa Hans Zimmer ulikuwa vipande vinne tu. Vingine ni nyimbo, tatu kati yake zikiwa zimerudiwa na Elton John mwenyewe. Muziki huo huo ndio uliompa Zimmer tuzo ya Oscar. Yaani mtu alitunukiwa kwa kazi ambayo wanunuzi wa albamu walipewa sehemu yake tu, hadi Disney ilipotoa diski mbili mwaka 2014 katika mfululizo wa The Legacy Collection. Nilinunua toleo hilo kwa sababu ya kwaya iliyosimamiwa na Lebo M, mwanamuziki wa Afrika Kusini. Nilitaka kujua hasa sauti za kiume zinaingia wapi chini ya okestra pale nyumbu wanapoporomoka bondeni, na nimekirudia kipande hicho na wanafunzi wangu mara nyingi, penseli mkononi. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza kwa nini kwaya inaimba Kizulu ilhali maneno yaliyoenea dunia nzima ni "hakuna matata", na kila mwaka sina jibu la kumridhisha.

Kuhusu rekodi mpya, naomba usizidharau. Bernard Herrmann aliitungia Psycho mwaka 1960 kwa ala za nyuzi peke yake, kisha mwaka 1975, mwaka aliofariki, akaurekodi tena muziki huo London. Noti ni zile zile na mkono unaoongoza ni ule ule, lakini mwendo ni wa taratibu zaidi, na hofu inakuwa ya namna nyingine. Na kuna muziki ambao bila rekodi mpya tusingeujua. Alex North alitunga muziki wa 2001: A Space Odyssey, mwongozaji Stanley Kubrick akauacha wote na kutumia muziki wa watunzi wengine uliokuwa umekwisha kuwepo. Umma uliusikia vizuri kwa mara ya kwanza mwaka 1993, Goldsmith alipoirekodi kazi hiyo ya rafiki yake na okestra ya National Philharmonic. Hiyo ni santuri ya filamu ambayo katika filamu hakuna hata sekunde moja yake. Bint Mvita ataiweka wapi kwenye kipimo chake cha jikoni?

Nakiri jambo moja. Matoleo kamili yana vipande vya sekunde ishirini vya mtu kufungua mlango, na hivyo havimnufaishi yeyote. Mimi huvipanga upya vile ninavyovitaka, nikabaki na dakika hamsini za kusikiliza na nyingine za kusomea.

Msafiri wa Muscat amejibu:

Nitaongeza ya pochi na ya posta tu. Usafirishaji wa diski moja kutoka Marekani au Hispania waweza kukaribia bei ya diski yenyewe, kwa hiyo subiri zifike mbili au tatu kisha uagize pamoja, au mtumie ndugu anayerudi nyumbani kwa likizo. Wanapoandika kwamba nakala ni chache, mara nyingi ni kweli, lakini usiikimbilie bei ya walanguzi siku ya pili, maana mengi kati ya matoleo hayo yamewahi kurudishwa tena sokoni, mara nyingine yakiwa na sauti iliyosafishwa vizuri zaidi. Na santuri usiiache kamwe ndani ya gari. Mimi niliacha moja huku mwezi wa sita, nikatoka msikitini nikaikuta imejikunja kama chapati.

Mkazi wa Meru (Arusha) amejibu:

Nawashukuru nyote kwa muda wenu, na Santuri Kuukuu pokea shikamoo yangu iliyochelewa.

Jana jioni niliiweka tena santuri, safari hii nikiisikiliza kama kazi inayojitegemea, wala sikuitafuta filamu ndani yake. Ikawa tofauti kabisa. Hata hicho kipande cha Big Band Bwana, ambacho mwanzoni kiliniudhi, nimekiona kuwa ni cha watu waliokuwa wakifurahia kazi yao. Bint Mvita, kipimo chako nimekijaribu, na Out of Africa imepita jioni ya pili. Nitaiagiza ile fupi. Alien nimeisikiliza mtandaoni nikaona bado sijaifikia. Nitairudia mwakani. The Lion King ya diski mbili nitaichukua kwa ajili ya watoto, ingawa sababu za Mwalimu nazo zimenishawishi.

Kipande cha tembo kilipofika, mama alikuwa akipita sebuleni na sahani mkononi. Akasimama, akasikiliza mpaka kikaisha, kisha akasema kwamba huo ndio muziki ambao baba alikuwa akiupiga Jumapili asubuhi wakati akipaka viatu rangi, kabla sisi hatujazaliwa, na kwamba ile bei ya wino kwenye kona aliiandika yeye mama, mwaka ambao walitaka kuuza santuri zote ili walipe kodi ya nyumba. Hakuna aliyekuja kuinunua. Diski ya rekodi ya filamu ya Hatari! nitaiagiza pamoja na ile ya Barry, ili gharama ya posta iwe moja.